Mtoto aandikapo ili asomwe

Ndugu msomaji, kabla hujalikunja gazeti hili, mwite mwanao aliye darasa la tano au la sita akuletee daftari lake la Kiswahili. Lifungue ukurasa kwa ukurasa. Yamkini utakuta mwandiko safi, mistari iliyonyooka, na alama za vema za wino mwekundu. Lakini tafuta jambo moja tu: tafuta sentensi ambayo mtoto huyo ameitunga mwenyewe ili kumweleza mtu mwingine jambo ambalo mtu huyo hakuwa akilijua. Wako wazazi watakaofika jalada la mwisho bila ya kuiona hata moja.

Hilo si kosa la mtoto, wala si la mwalimu peke yake. Mtoto wetu hunakili yaliyo ubaoni, hujaza nafasi zilizoachwa wazi, na huchagua herufi ya jibu lililo sahihi. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wenyewe, kwa miaka mingi, umekuwa kwa sehemu kubwa mtihani wa kuchagua jibu. Na hata siku anapotunga insha, msomaji wake ni mmoja: mwalimu, ambaye anayajua yote yatakayosemwa, tena anaisoma insha ile ili ahesabu makosa. Nani kati yetu watu wazima angekaa chini aandike barua kwa moyo, akijua kwamba anayeandikiwa hana haja na habari zake ila anataka kuona kama ameweka nukta?

Matokeo yake tumeyaona. Mwaka 2012 kulizuka mjadala mkubwa nchini baada ya kubainika kwamba kulikuwa na watoto, tena kwa maelfu, waliofaulu kuingia sekondari ilhali hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 2015 mtaala wa madarasa ya kwanza na ya pili ulibadilishwa ili uzito wote uwekwe katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini kujua kuandika ni jambo moja, na kuwa na jambo la kuandika pamoja na mtu wa kumwandikia ni jambo jingine.

Safu hii leo inapendekeza dawa isiyo ngeni wala ghali: gazeti la darasa, lililoandikwa na watoto wenyewe na kubandikwa ukutani mahali ambapo kila apitaye atalisoma. Mfano wetu utakuwa Ifakara, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Tumeuchagua mji huo kwa sababu bonde lile lina mambo mengi ya kuandikwa, na pia kwa sababu ni mahali ambapo kazi ya kuandika mambo ya kila siku kwa uangalifu imekwisha kuokoa maisha ya watoto. Tutalifikia jambo hilo.

SHULE ZETU NA MAGAZETI

Wako watakaodhani kwamba mambo haya yamekuja na kompyuta. La hasha. Mwaka 1888, katika shule ya misheni ya UMCA iliyokuwa Kiungani, Unguja, lilianza kutolewa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, lenye habari za shule na za vituo vya misheni vya bara. Baadaye, zama za Wajerumani, shule ya serikali ya Tanga ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa, na hapo ndipo lilipotoka gazeti la Kiongozi, hadi mwaka 1916. Walimu na makarani waliosomeshwa katika shule za aina hiyo walilipelekea habari kutoka kila pembe walikotumwa kufanya kazi. Magazeti hayo yalikuwa na malengo ya wenyewe, la kwanza malengo ya dini na la pili malengo ya ukoloni. Hata hivyo yanatuonyesha kwamba Mwafrika aliyepata kalamu na msomaji hakuhitaji kusukumwa ili aandike.

Nje ya nchi yetu mfano unaofaa zaidi ni wa mwalimu mmoja wa Ufaransa, Célestin Freinet. Mtu huyu alijeruhiwa mapafu katika Vita Kuu ya Kwanza, na alipoanza kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup mwaka 1920 hakuweza kusema kwa muda mrefu mbele ya darasa. Kwa kuwa pumzi haikumtosha kuhutubia siku nzima, alitafuta njia ya kuwafanya watoto wenyewe wafanye kazi. Aliwatoa nje kutembea kijijini, wakarudi wakaandika walichokiona, kisha wakakichapa kwa mtambo mdogo wa mkono uliowekwa darasani. Kurasa hizo zilipelekwa kwa watoto wa shule nyingine, mbali sana, katika jimbo la Bretagne, nao wakajibu kwa kurasa zao. Watoto wa milimani walijifunza habari za bahari kutoka kwa watoto wa wavuvi. Katika miaka hiyo hiyo, mjini Warsaw, daktari na mlezi Janusz Korczak alianzisha gazeti la watoto lililotoka kama nyongeza ya gazeti la watu wazima. Lilidumu tangu 1926 hadi vita vilipozuka mwaka 1939.

Nasi hapa nyumbani, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alilalamikia elimu inayomtenga kijana na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Alitaka mtoto mwenye akili ya kudadisi na mwenye kujiamini. Wengi wetu tunalikumbuka jembe la shamba la shule, lakini tumeisahau hiyo akili ya kudadisi. Kisha, katika miaka ya 1970, kampeni ya kisomo cha watu wazima ilipopamba moto, ilionekana upesi kwamba aliyejifunza kusoma husahau akikosa cha kusoma. Ndiyo sababu Kanda ya Ziwa lilianzishwa gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho. Somo lililopatikana wakati ule lingali la kweli: kusoma na kuandika huishi pale penye watu wanaosomeana na kuandikiana.

BONDE LILILOOKOLEWA NA KALAMU

Sasa twende Ifakara. Mwaka 1957 maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto ilianzishwa katika mji huo na wataalamu kutoka Uswisi. Maabara hiyo ilikua, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara inayofahamika duniani kote. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa uwanja wa mpango wa kueneza vyandarua vilivyotiwa dawa. Je, ilijulikanaje kama vinafaa? Ilijulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliopita nyumba kwa nyumba, vijiji vingi, kila baada ya miezi minne, wakiuliza na kuandika: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama, nani analala ndani ya chandarua. Hesabu zilipotangazwa mwaka 2001 zilionyesha kwamba, kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, matumizi ya vyandarua hivyo yalikwenda pamoja na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kuishi. Habari hiyo ilisomwa mbali sana na Kilombero, na ilichangia kuishawishi dunia kwamba chandarua si pambo la kitanda.

Ukiziondoa hesabu za kitaalamu, kiini cha kazi ile ni jambo ambalo mtoto wa darasa la sita analiweza: kwenda, kuuliza kwa adabu, kutazama, kuandika ulichokiona na tarehe yake, kurudi tena baada ya muda na kulinganisha. Hayo ndiyo magazeti. Hiyo pia ndiyo sayansi.

Uko mfano mwingine mdogo kutoka bonde hilo hilo. Karibu na kivuko cha mto Kilombero, kwenye matete ya kinamasi, kuna ndege wa jamii ya mnana ambaye hapatikani popote duniani ila katika bonde lile. Wataalamu walimwona katika miaka ya 1980, wakamtangaza kwa jina lake la kisayansi mwaka 1990. Lakini ndege huyo hakuzaliwa mwaka 1990. Mtoto wa mvuvi aliyekuwa akivuka mto kila siku alikuwa akimwona anasuka kiota. Alichokosa mtoto yule ni mtu wa kumwambia kwamba anachokiona kinastahili kuandikwa.

MSOMAJI HUBADILISHA SENTENSI

Hebu tulitazame jambo hili kwa karibu, maana hapa ndipo penye faida yenyewe. Mwambie mtoto wa Ifakara atunge insha juu ya faida za mto. Ataandika: "Mto una faida nyingi. Faida ya kwanza ni maji. Faida ya pili ni samaki." Hakuna kosa la sarufi, wala hakuna habari. Sasa mwambie kwamba maandishi yake yatasomwa na watoto wa Dodoma ambao hawajapata kuona mto uliofurika. Mara moja atagundua kwamba ana kazi. Itambidi aseme maji yalifika wapi wiki hii na wiki iliyopita. Itambidi aeleze mtumbwi huendeshwaje, kwa nini mpunga hupandwa mapema huku na baadaye kule, na kwa nini watu huwaogopa mamba zaidi msimu fulani. Atakwenda kumwuliza babu yake. Atarudi ana maneno ambayo hakuwa nayo.

Kisha mwambie kwamba maandishi hayo hayo yatasomwa na watoto wa Lupiro, ng'ambo ya mto. Atashtuka, maana hao nao wanaujua mto ule, na akiongeza chumvi watamsuta. Atairudia karatasi yake na kufuta lile neno "mamba mia moja". Hapo amejifunza, bila ya kuhubiriwa, tofauti kati ya kusema na kuthibitisha.

Mambo ya kuandika hayatakwisha. Mzee aliyeijua Ifakara kabla ya reli ya TAZARA kufunguliwa mwaka 1976 anaweza kuulizwa watu walisafiri vipi kwenda Dar es Salaam. Abiria waliokuwa wakisubiri kivuko kwa saa nyingi wanaweza kuulizwa walijisikiaje Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero kilipopinduliwa na upepo, na maisha yao yalibadilikaje baada ya daraja lenye urefu wa mita 384 kuzinduliwa mwezi Mei 2018. Wauza chakula wa pale kivukoni walihamia wapi? Asili ya jina Ifakara ni nini? Wazee hawatalingana, na kutolingana kwao ndiko kutakakofanya habari iwe tamu.

Hata hesabu zimo. Tuseme watoto wamekwenda kuwauliza mama zao bei ya debe la mpunga, wakaambiwa kwamba wakati wa mavuno liliuzwa shilingi 10,000, na kufika Januari likauzwa shilingi 16,000. Ongezeko ni shilingi 6,000, yaani asilimia 60. Swali la mwalimu wa hesabu limekwisha. Swali la mwandishi ndiyo kwanza linaanza: ni nani aliyeuza kwa bei ya chini, kwa nini hakungoja, na ni nani aliyeweza kungoja? Mtoto aliyelijibu swali hilo kwa kalamu yake mwenyewe hatasahau maana ya asilimia.

NAMNA YA KULIANZISHA

Mwalimu anayesoma ukurasa huu atasema: darasa langu lina watoto 90, karatasi hakuna, na muda hautoshi. Hoja hizo ni za haki, nasi hatuna budi kuzijibu.

Watoto 90 wagawanywe katika vikundi tisa vya watoto kumi kumi. Kila wiki kikundi kimoja hutoa toleo. Mwalimu, badala ya kusahihisha insha 90, atasoma habari kumi. Kila mtoto atachapishwa kila baada ya wiki tisa, na wiki zilizobaki ni msomaji. Katika kila kikundi wachaguliwe wahariri wawili, mvulana na msichana, nao wabadilishwe kila zamu, ili asitokee bingwa mmoja wa kuandika na wengine wakawa wabeba gundi.

Vifaa ni haba. Karatasi kubwa moja, au kurasa za daftari zilizoshonwa pamoja. Kalamu ya wino mzito kwa vichwa vya habari. Gundi ya uji mzito wa unga. Na ukuta usiopigwa na mvua. Penye kizibao cha matangazo ni bora zaidi. Gazeti lipewe jina na watoto wenyewe, na kila toleo liwe na namba na tarehe. Likishatolewa ukutani lisitupwe, bali lihifadhiwe ofisini. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na historia ya kata ambayo haipatikani kwingine kokote.

Kurasa ziwe chache na za kudumu: Habari za Wiki, Tumechunguza, Hesabu za Sokoni, Wazee Wanasema, Mashairi na Vitendawili, na mwisho Barua za Wasomaji. Huo wa mwisho usipuuzwe. Chini ya gazeti kitundikwe kibweta au bahasha ngumu ambamo mtoto wa darasa lolote, mwalimu, mlinzi wa shule au mzazi atatia kikaratasi chenye swali, nyongeza au ubishi wake. Toleo lifuatalo lijibu. Gazeti lisilojibiwa ni tangazo tu, na matangazo shuleni tunayo ya kutosha.

Kila mwandishi afunzwe maswali sita tuliyofundishwa sisi wa kazi hii siku ya kwanza chuoni: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, na vipi. Aandike kwanza rasimu. Mwenzake aisome kwa sauti, aseme wapi hakuelewa. Mwandishi arekebishe. Mwalimu aje mwisho, aonyeshe makosa ya tahajia na sarufi kwa penseli, na mtoto anakili nakala safi. Wino mwekundu usifike ukutani kabisa. Na kosa la habari likigunduliwa baada ya kubandikwa, liandikwe sahihisho katika toleo lifuatalo, kama magazeti ya watu wazima yanavyopaswa kufanya.

Asiyejua bado kuandika vizuri asiachwe nje. Achore, au asimulie na mwenzake amwandikie, kisha aweke jina lake. Katika bonde la Kilombero wako watoto wanaozungumza Kipogoro, Kindamba au Kimbunga nyumbani, nao huwa na haya ya kufungua mdomo kwa Kiswahili cha shuleni. Watoto hao mara nyingi ndio wenye hadithi nzito kuliko wote, maana ndio wanaokaa na mabibi. Neno la lugha ya nyumbani lisilo na lingine la Kiswahili liandikwe lilivyo, na maana yake itolewe. Hivyo ndivyo lugha yetu ya taifa ilivyokua.

Kuhusu muda na mtihani, jibu ni fupi. Vipindi vya Kiswahili vyenye insha vipo tayari katika ratiba. Gazeti linavitumia vipindi hivyo, halivichukui. Na mtoto aliyezoea kusoma kwa makini maandishi ya mwenzake ili ambishie hatababaishwa na kifungu cha ufahamu katika mtihani.

UKWELI UKIBANDIKWA UKUTANI

Sasa tufike penye miiba. Siku moja, na siku hiyo haitachelewa, mtoto ataandika kwamba choo cha wasichana kimebomoka tangu mwezi uliopita. Au ataandika kwamba darasa lao halikufundishwa hesabu kwa wiki mbili. Atakuwa ameuliza, amehesabu siku, na ameandika kwa adabu. Mwalimu mkuu afanye nini?

Njia nyepesi ni kuing'oa karatasi. Lakini watoto 90 watakuwa wamejifunza somo moja kubwa asubuhi hiyo, nalo ni kwamba kuandika ukweli ni hatari na kuandika "mto una faida nyingi" ni salama. Somo hilo watalichukua hadi ofisini, kiwandani na serikalini. Mfanyakazi anayeona mashine imelegea akanyamaza, na karani anayejua hesabu hazilingani akapiga muhuri, wote walijifunza kunyamaza mahali fulani wakiwa wadogo.

Njia iliyo bora ni mwalimu mkuu kujibu katika gazeti hilo hilo: choo kimeonekana, kamati ya shule itakutana siku fulani, wazazi wanaombwa matofali. Kwa kufanya hivyo hajapoteza heshima, bali ameongeza wasomaji na pengine amepata matofali. Watoto nao wawekewe mpaka ulio wazi: andika tatizo, usimtukane mtu, andika ulichokiona, si ulichokisikia kwa jirani, na jambo zito lithibitishwe na watu wawili kabla ya kubandikwa.

Uko mpaka mwingine ulio mzito kuliko huo. Yako mambo ambayo hayabandikwi hata yakiwa kweli: ugonjwa wa mtoto, ugomvi wa nyumbani kwake, umaskini wa wazazi wake, mimba, kifo ambacho familia haijakisema. Mtoto aliyeandika jambo la namna hiyo juu yake mwenyewe hakuandika kwa ajili ya gazeti. Ameomba msaada, na mwalimu aliyepokea karatasi hiyo aiweke kando na amwite mtoto faraghani. Walimu wengi hugundua mateso ya mtoto kwa njia hii tu, na kwa hilo peke yake gazeti lingekuwa limefanya kazi yake.

NA WENYE KOMPYUTA JE?

Shule chache zenye kompyuta na umeme wa uhakika zinaweza kufanya kazi hii hii kwa njia ya blogu, yaani gazeti linaloandikwa na kusomwa kupitia intaneti. Kiswahili kina historia yake huko. Katika miaka ya 2004 na 2005 waandishi kama Ndesanjo Macha na Issa Michuzi walikuwa wamekwisha kuwafikia wasomaji wa mbali kwa njia hiyo. Msingi ni ule ule: mwandishi, msomaji, na mahali pa kujibu.

Lakini mzazi na mwalimu wakumbuke mawili. Kwanza, ukuta wa shule unasomwa na watu wa mtaa, na intaneti inasomwa na ulimwengu, wema na wabaya. Jina kamili la mtoto, picha yake na mahali anapoishi visiwekwe huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetukumbusha kwamba mambo ya mtu si mali ya kila mwenye simu. Pili, mwaka 2018 zilitolewa kanuni zilizomtaka mwenye blogu apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, kwa ada ambazo hapo mwanzo zilizidi shilingi milioni mbili. Kanuni hizo zimerekebishwa tangu wakati huo. Basi shule inayotaka kwenda hewani iulize kwanza kwa Mamlaka na kwa ofisi ya elimu.

Kwa shule nyingi ushauri wetu ni kuanzia ukutani. Kisha toleo lililomaliza wiki yake lipelekwe kwa shule rafiki. Shule ya Ifakara inaweza kubadilishana magazeti na shule ya Mlimba kwa njia ya treni, au na shule ya Kidatu, ambako wazazi wengi hutegemea miwa ya kiwanda cha sukari badala ya mpunga. Na wewe ndugu mfanyakazi wa Temeke au Buguruni, mchele unaopikwa kwako Jumapili pengine umetoka Kilombero. Mwanao hajui aliyeupalilia, na mtoto wa aliyeupalilia hajui bandari ilivyo. Karatasi mbili ndani ya bahasha zingetosha kuwakutanisha.

KAZI YA MZAZI

Usingoje shule ianze. Leo jioni mpe mwanao karatasi, mwambie akuandikie nusu ukurasa juu ya jambo moja aliloliona wiki hii ambalo wewe, kwa kuwa ulikuwa kazini, hukuliona. Usimpe kichwa cha habari. Akimaliza, kaa chini usome polepole hadi mwisho. Usianze na makosa. Kisha chukua kalamu, na chini ya maandishi yake uandike, kwa mkono wako, jibu la mistari mitatu: ulichokielewa, kilichokushangaza, na swali moja ambalo angependa kulijibu.

Mrudishie karatasi yake. Ukimwona anakwenda kutafuta jibu la swali lako bila ya kutumwa, jua ya kuwa darasa limekwisha kuanza nyumbani kwako. Na utakapokutana na mwalimu wake, mweleze ulichokifanya, na umwulize kama ukuta wa darasa una nafasi.